Ukibeba Kisu, Beba na Sheria Yake

Visu vidogo vya kukunja vimeingia sokoni kwa kishindo. Hapa Kisumu utaviona kwenye mikeka ya wachuuzi, vimepangwa kati ya chaja za simu na miwani ya jua, na ukifika Nakuru utavikuta vinaning'inia kwenye vibanda vya steji. Lakini vinauzwa zaidi kwenye video fupi za simu: kisu cha umbo la ufunguo, kisu chembamba kama kadi ya benki, kisu kilichofichwa ndani ya kichupa cha rangi ya mdomo. Muuzaji huwalenga wasichana wa vyuo na waendeshaji bodaboda, na humalizia kwa ahadi ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi cha kunifanya nishike kalamu. Anasema kisu hicho hakina shida na polisi, kwa kuwa hakizidi inchi tatu na ni cha kujilinda tu.

Ahadi hiyo ina makosa mawili, na yote mawili ni hatari kwa anayeiamini. La kwanza ni hizo inchi tatu, ambazo hazimo katika sheria yetu. La pili ni hilo neno la kujilinda, ambalo mnunuzi hulichukua kama ngao ilhali mbele ya hakimu linaweza kugeuka ushahidi dhidi yake. Hoja ninayoitetea ni kwamba sheria ya Kenya haikipimi kisu kwa rula. Inampima aliyekibeba: yuko wapi, ni saa ngapi, yuko na nani, anakwenda kufanya nini, na amejibu nini alipoulizwa. Sheria ya aina hiyo haiwezi kujuliwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Muuzaji hajui utakuwa wapi saa tano usiku, na rafiki aliyekutumia video hajui utakachomwambia afisa. Jukumu la kujua ni la mwenye mfuko, na anapaswa kulitimiza kabla hajalipa pesa zake.

Sitaki kuanza kwa kuwakemea wanaonunua. Hofu yao ina chanzo. Januari 27, 2024 wanawake walimiminika barabarani katika miji kadhaa ya nchi hii kupinga mauaji ya wanawake. Kabla mwaka huo haujaisha, polisi wenyewe walitangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa katika muda wa miezi mitatu tu kuanzia Agosti, na Januari 2025 Rais akaunda jopo la watu 42 chini ya aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza, kulichunguza janga hilo. Watu wa Nakuru hawajasahau mwaka 2022, wanawake walipouawa majumbani mwao katika mitaa ya pembezoni mwa jiji na jina la genge la Confirm likawa kwenye kila kinywa. Mwendeshaji bodaboda naye hupigiwa simu usiku na mteja asiyemjua, akipelekwa gizani ambako wenzake wamewahi kuachwa wakivuja damu na pikipiki ikatoweka. Mtu anayeishi na hofu hiyo akiambiwa kwamba kwa shilingi mia chache anaweza kulala salama, atanunua. Namwelewa. Ndiyo maana ninaona ni ukatili kumuuzia pamoja na kisu hicho uongo kuhusu sheria.

Basi sheria inasema nini? Msingi uko katika kifungu cha 7 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya: kutojua sheria si utetezi, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imetamka wazi kwamba kujua ni sehemu ya kosa. Wengi wetu tumeisikia kauli hiyo kama msemo wa wazee, hatujui kwamba imeandikwa na ina nambari. Kisha kuna kifungu cha 308. Mtu akipatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba amejihami ili kutenda kosa kubwa la jinai, kifungo chake hakipungui miaka 7 na hakizidi 15. Sehemu ya pili ya kifungu hicho inamgusa anayepatikana nje ya makazi yake akiwa na kifaa cha kutumia katika wizi, kuvunja nyumba au ulaghai. Kifungu cha 89 nacho kinamhusu mtu anayebeba silaha bila sababu ya maana, katika mazingira yanayozua dhana kwamba inakusudiwa kuvuruga utulivu wa umma. Halafu kuna kifungu cha 296, ambapo mwizi anayetumia nguvu, akiwa amejihami kwa silaha ya hatari, huingia katika kosa ambalo hukumu iliyoandikwa ni kifo. Pitia vifungu hivyo vyote ukitafuta neno inchi au sentimita. Hutalipata.

Utakachokipata ni maneno mawili yanayofanya kazi yote: mazingira na kusudi. Sheria zetu za utulivu wa umma zinaieleza silaha kuwa ni kifaa chochote kilichotengenezwa ili kumjeruhi mtu, au kilichobadilishwa ili kifanye kazi hiyo, au ambacho aliyenacho amekikusudia kwa kazi hiyo. Hebu tulitazame hilo kwa makini, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Kisu cha kumenyea viazi hakikutengenezwa ili kumjeruhi mtu. Kama hujakichonga upya wala kukinoa pande zote mbili, hakijabadilishwa. Njia pekee ya kisu hicho kuwa silaha ni ile ya tatu, yaani kusudi la aliyekibeba. Kusudi liko kichwani, na afisa hawezi kulisoma humo. Atalitafuta katika saa, mahali, watu mlioandamana nao, na zaidi ya yote katika jibu la swali lake la kwanza: kisu hiki ni cha nini? Ukijibu kwamba ni cha kujilinda, umesema kwa kinywa chako kwamba umekibeba ili siku ikifika kimchome mtu. Mtu huyo unaweza kuwa unamwona kichwani kama jambazi, na kwa nia njema kabisa. Kiongozi wa mashtaka atachukua ile nusu ya kwanza ya sentensi yako. Maelezo hayo ya silaha tumeyarithi kutoka Uingereza, na mahakama za huko zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hofu ya jumla, ile ya kuogopa mji au usiku, haitoshi kuwa sababu ya kutembea na silaha. Lazima tishio liwe mahususi na liwe karibu.

Kwa haki niseme upande wa pili wa jambo hilo. Kuwa na kisu tu hakumtii mtu hatiani chini ya kifungu cha 308. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kueleza, katika uamuzi wa mwaka 2000, kwamba upande wa mashtaka lazima uthibitishe kitendo cha wazi kinachoonyesha kuwa kosa kubwa lilikuwa linakaribia kutendeka, ndipo mtu ahesabiwe kuwa alikuwa akijiandaa kulitenda. Uamuzi huo umewasaidia watu. Ila tukumbuke huwasaidia wakiwa wapi. Mtu anafika kwenye rufaa akiwa amekwisha kukamatwa, kulala seli, kusomewa mashtaka, kutafuta mdhamini na kumkosa, na pengine kukaa rumande Kodiaga au katika gereza la Nakuru huku kazi yake ikipewa mwingine. Uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ni mzuri, lakini humfikia mtu baada ya maisha yake kuvurugika. Kwa hiyo anayesema kwamba mwishowe mahakama itaniachilia anasema kweli kwa namna ambayo haimsaidii mtoto wake kula wiki hii.

Hizo inchi tatu zilitoka wapi? Zilitoka Uingereza, katika sheria ya mwaka 1988 inayokataza kubeba kitu chenye makali mahali pa umma, lakini inayosamehe kisu cha kukunja cha mfukoni ambacho makali yake hayazidi inchi tatu. Mtu wa London anaweza kuitaja na akawa sahihi, na hata yeye msamaha huo utamponyoka akisema kwamba amekibeba ili amdhuru mtu. Marekani kila jimbo lina lake. Kule Texas, tangu Septemba 2017, mtu mzima anaweza kubeba mahali pengi hata kisu chenye makali ya zaidi ya inchi tano na nusu, jambo ambalo jimbo jingine lingemfunga kwalo. Wauzaji wa mtandaoni huchukua maelezo ya nchi hizo, wakayapaka Kiswahili na kutuletea. Mnunuzi wa Kakamega anabeba sheria ya London mfukoni akiwa Kakamega. Sheria haisafiri na bidhaa.

Hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia ni ile inayosema kwamba kama kingekuwa haramu, kisingeuzwa hadharani. Inasemwa kwa uhakika mkubwa, na inastahili kujibiwa bila huruma. Petroli inauzwa hadharani. Ukiibeba kwenye chupa kuelekea penye maandamano, hakuna atakayekuuliza kama ulipewa risiti. Panga linauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Gilgil hadi Busia, na ni halali kabisa kulinunua, kulipeleka shambani na kulirudisha. Panga hilohilo likipatikana chini ya kiti cha matatu saa saba usiku, kando ya vijana wanne wasioweza kueleza wanakokwenda, limekuwa kitu kingine bila kubadilika hata chembe. Uhalali wa kuuza unahusu duka. Uhalali wa kubeba unahusu safari yako. Muuzaji amemaliza kazi yake ukishalipa, na hakuna kifungu kinachomleta kizimbani asimame kando yako aeleze alichokuahidi.

Nguvu ya mazingira haya niliwahi kuionja mwenyewe, kwa muda mfupi. Miaka kadhaa iliyopita nilifika kwenye lango la jengo moja la serikali nikiwa na kisu cha matunda ndani ya begi, nimekisahau. Mlinzi alikitoa, akakigeuza, akaniuliza cha nini. Kabla sijajibu akaona maembe mawili na kibakuli cha plastiki, akakiweka kando na kunipa kipande cha karatasi ili nikichukue nikitoka. Maembe ndiyo yaliyonitetea. Nimejiuliza tangu siku hiyo ingekuwaje kama ningekuwa na kisu bila embe, kama ningekuwa na umri wa miaka 19, na kama lango lingekuwa barabara ya giza.

Watu wa kazi wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi tunaoandika. Nenda soko la Kibuye asubuhi, au ufuo wa Dunga, au Obunga ambako wanawake hununua mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta baada ya viwanda kuchukua minofu. Mama samaki ana visu viwili au vitatu vikali kuliko chochote kinachouzwa kwenye video. Anaparia ngege, anapasulia mbuta, na hakuna afisa anayemsumbua. Mtazame anavyokibeba: amekifunga kwa gazeti na kipande cha nailoni, kiko chini ya ndoo, juu yake kuna ubao na magamba ya jana. Kisu chake kina ushahidi pande zote. Kule Muhoroni na Nzoia wakata miwa huondoka alfajiri na mapanga yao kwa makundi, na mtu anayewaona hana shaka, kwa sababu nguo zao, masizi mikononi na trekta linalowasubiri vyote vinasema kazi. Mpasuaji nyama anayeishi Kondele na kufanya kazi mjini ana sababu ya maana ya kubeba kisu chake saa kumi na mbili asubuhi. Akipita baa jioni na kisu kiko kiunoni, ile sababu imebaki buchani.

Na tusidhani kwamba uwajibikaji huu tuliletewa na wakoloni. Miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma, katika msimu wa tohara unaofanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, mpasuaji hubeba lukembe, kisu ambacho kina kazi moja tu. Hakuna kijana anayeruhusiwa kukichezea. Mwenye nacho hutambuliwa na jamii nzima, na akikitumia ovyo aibu yake haiishii kwake. Katika nyumba nyingi za huku kwetu mtoto hufundishwa kumpa mwenzake kisu kwa mpini, hufundishwa kutokiacha nje usiku, na hukatazwa kukinyooshea mtu hata kwa mzaha. Hayo ni mafunzo ya jukumu la mwenye kisu. Sheria ya nchi imekuja juu ya adabu ambayo tayari tulikuwa nayo, na anayesema hakujua kwamba kisu kina masharti pengine amesahau aliyofundishwa jikoni kwa mama yake.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye uzito, ambalo haliondolewi kwa maneno matamu. Linasema hivi: mtawezaje kumwajibisha raia kwa sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, yenye maneno kama mazingira na kusudi, ambayo hata majaji wamebishana juu ya maana yake? Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katiba yenyewe imetafsiriwa. Kanuni ya Adhabu, ambayo ndiyo humfunga mkulima na mchuuzi, raia huikuta kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba Sheria za Kenya zinapatikana bure mtandaoni, na ni kweli pia kwamba mama wa Ahero mwenye simu ya kubofya hazimfikii. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliweka wajibu wa kuwaelimisha wananchi kuhusu sheria, na anayeishi hapa anajua ni mara ngapi amewahi kumwona afisa wa msaada huo katika baraza la chifu. Nakubali hayo yote. Serikali inayomwambia raia kwamba kutojua si utetezi inajifunga kumjulisha, na deni hilo halijalipwa.

Lakini deni la serikali haliondoi jukumu la raia. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Sababu ya kifungu cha 7 cha Kanuni ya Adhabu ni kwamba kama kutojua kungekuwa utetezi, mwenye faida kubwa angekuwa yule aliyejitahidi zaidi kutojua. Jambazi angekuwa wa kwanza kusema hakusoma. Na hapa kuna tofauti inayosahauliwa: kuna sheria ambazo mtu huzikuta bila kuzitafuta, na kuna zile anazoziendea kwa hiari yake. Mtu hawezi kulaumiwa sana kwa kutojua kanuni ya leseni ya biashara asiyoifanya. Aliyeamua kununua chuma chenye makali, akakiweka mfukoni na kutoka nacho nyumbani usiku, ameingia mwenyewe katika eneo la sheria hiyo. Kama alipata muda wa kulinganisha bei na rangi ya mpini, alikuwa na muda wa kumuuliza wakili wa mtaa, karani wa mahakama au hata chifu swali moja.

Pingamizi la pili linagusa polisi, nalo silipuuzi. Vijana wa Kondele, Manyatta, Kaptembwo na Rhonda watakwambia kwamba mazingira, kwa afisa wa doria, mara nyingi ni mtaa unaotoka, nywele zako na kama unacho cha kumpa. Kisu kilekile kwenye gari la mwenye tai ni kifaa cha kambini, na kwenye mfuko wa kijana wa steji ni maandalizi ya uhalifu. Sheria inayotegemea mazingira humpa mlinzi wa sheria nafasi pana, na nafasi pana huzaa hongo. Pengo kati ya kuachiliwa na kushtakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake huanzia miaka 7 ni pana mno, na ndani ya pengo hilo ndimo noti hupita. Naamini Bunge linapaswa kuliangalia hilo: kosa dogo la kubeba kisu mahali pa umma bila sababu ya maana, lenye adhabu ya faini au kazi za kijamii, lingemfaa kijana aliyekosea na pia lingempunguzia afisa ile silaha ya kutishia. Maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na kazi halali zitajwe wazi: uvuvi, bucha, kilimo, useremala, mila.

Hata hivyo, kama polisi wana upendeleo, basi anayeonewa zaidi ndiye anayehitaji zaidi kujua. Kijana wa Rhonda anayejua kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa, haki ya kunyamaza, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 katika hali ya kawaida, hawezi kutishwa sawa na asiyejua. Akijua pia kwamba jibu la haraka kuhusu kujilinda linaweza kusomwa kwa sauti mbele ya hakimu, atajua wakati wa kunyamaza. Ujinga humnufaisha afisa mbaya. Sioni jinsi ya kumtetea kijana huyo huku tukimwambia kwamba kujua si kazi yake.

Kuna wanaosema pia kwamba wahalifu wana visu, kwa hiyo sisi tusio na visu ni kuku sokoni. Hapa sheria hutofautisha vitu viwili ambavyo mdomoni huchanganyika. Haki ya kujitetea unaposhambuliwa ipo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaielekeza kwenye misingi ya 'common law' ya Uingereza, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya mahakama, inayoruhusu nguvu kiasi kinachohitajika kujiokoa. Mwanamke anayeshambuliwa jikoni kwake akashika kisu cha mboga yuko ndani ya haki hiyo. Kutembea mjini ukiwa umejihami kwa kungoja siku ambayo huenda isije ni jambo lingine, na haki ya kujitetea haiendi nyuma kukihalalisha kisu ulichobeba kwa wiki tatu. Tena tusemezane ukweli wa kimwili: kisu cha umbo la ufunguo, mkononi mwa mtu asiyewahi kukitumia, dhidi ya mtu mwenye nguvu zaidi aliye karibu, mara nyingi huishia mkononi mwa mwingine. Na ugomvi wa nauli ya bodaboda ambao ungeishia kwa ngumi na midomo kuvimba, kikiingia kisu, unakuwa kesi ya kudhuru vibaya, ambayo sheria huruhusu kifungo cha maisha, au kesi ya mauaji.

Yuko msomaji atakayeuliza kwa nini afisa wa Nakuru akiona panga kwenye basi moyo humwenda mbio. Jibu liko Januari 2008. Nakuru na Naivasha ziliona mapanga, mishale na marungu yakitembea mchana barabarani, na Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Walioyashika mapanga hayo wengi wao walikuwa na mapanga ya shamba, yaliyonunuliwa kihalali. Mji unaobeba kumbukumbu hiyo hauwezi kukitazama kifaa chenye makali kama kitu kisicho na upande. Ndiyo sababu pia Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachotupa haki ya kukusanyika na kuandamana, kiliweka sharti la amani na la kutobeba silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, hufanya kuwa kosa kuwa na silaha kwenye mkutano au maandamano ya umma. Katika maandamano ya Juni 2024 na Juni 2025 vijana wengi waliingia barabarani na bendera na chupa ya maji, wakijua kwamba kisu kimoja mfukoni mwa mmoja wao kingetosha kuwapaka wote rangi. Huo ulikuwa ujuzi wa sheria uliotoka kwa vijana wenyewe, wakifundishana kwenye simu zilezile zinazouza visu.

Hilo ndilo linalonipa matumaini kuhusu njia ya kufuata. Kama simu imeweza kueneza inchi tatu za uongo, inaweza kueneza swali la kweli: nikisimamishwa sasa hivi, kitu gani mwilini mwangu, mkononi mwangu au katika safari yangu kinaeleza kisu hiki bila mimi kufungua mdomo? Vyama vya bodaboda vinavyokutana kila wiki kukusanya akiba vinaweza kumwalika wakili mmoja kwa nusu saa. Machifu wana mabaraza, na mabaraza huko Nyakach husemwa kwa Dholuo, kule Webuye kwa Lubukusu, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kinaweza kuanza kuondolewa kesho bila kungoja Bunge. Wanaouza visu mtandaoni nao wanaweza kulazimishwa na wateja wao kuacha kutaja sheria wasiyoijua. Ukisikia muuzaji akisema ni halali, muulize kifungu gani. Kwa msichana anayetembea na hofu, fedha ileile inaweza kuwa nauli ya kumfikisha mlangoni badala ya kumshusha steji, au makubaliano na wenzake wa bwenini kwamba hakuna anayetoka maktaba peke yake. Najua hayo hayatoshi, na sitamdanganya kwamba yanatosha; ulinzi wake ni deni la polisi na la wanaume wa mji huu.

Mama mmoja ninayenunua samaki kwake Kibuye nilimuuliza kwa nini harudi na visu vyake nyumbani, ilhali vingemfaa jikoni. Aliniambia vina sanduku lake pale sokoni, lina kufuli, na ufunguo anao yeye. Akienda nyumbani Nyalenda usiku hubeba pesa, leso na simu. Visu vya jikoni kwake viko jikoni kwake. Hakutaja kifungu chochote, na alipomaliza kunijibu aliendelea kupara ngege wa mteja aliyekuwa anasubiri.